Marahaba

Kila asubuhi nikizungusha ufunguo,
kabla injini haijaamua kukohoa au kukubali,
sauti ya mwanamke hutoka chini ya usukani,
nyembamba, ya adabu, Kijapani kitupu.
Nami hujibu: Marahaba.
Miaka kumi na mmoja sijaacha kuitikia.

Nilimnunulia Chiwanga alipohamishiwa Manyoni:
Staleti nyeupe, weupe wa kikombe cha chai kisichosuguliwa,
kipimo cha kilomita kimegoma kwenye laki mbili na themanini.
Aliniapia kuwa gari ni zima mbele za Mungu.
Gasketi ilikataa kula kiapo hicho.

Tangu hapo nimejua kusikiliza chini:
boljointi inavyogonga njia ya Ihumwa,
bushi zinavyoguna tukikaribia Nzuguni,
na ule mluzi wa mkanda
ambao fundi Mbijili huudaka tangu kona ya gereji.
Hata sijasimama: "Mama Foibe, mkanda huo!"

Mbijili ana vidole vinane na spana zisizotimia.
Ndiye aliyelinyanyua, akapachika mipira kwenye springi,
likasimama kama mbuzi anayechungulia ua,
maana njia ya shamba langu Hombolo
ina mawe ambayo Mjapani hakuambiwa.
Kiti cha nyuma tuliking'oa. Kipo sebuleni.
Siku ya posa ya Foibe mshenga alikikalia,
akajifunga mkanda kabisa
ndipo akatoa neno.

Penye kiti sasa hukaa masanduku ya zabibu.
Sakafu imelewa. Msimu wa mavuno
nyuki hunisindikiza hadi mjini bila kuulizana nauli.
Trafiki mmoja alifungua buti atafute kosa,
akalifunga mwenyewe, mbio.

Rejeta ni ya Korola iliyofia Kibaigwa.
Taa ya kushoto ya Dueti. Kioo cha pembeni
cha pikipiki, humo najiona nusu.
Ukiniuliza gari lenyewe liko wapi hapo
nitakuonyesha karatasi.

Mwaka ule wa ukame lilichemka Buigiri.
Wanawake walikuwa kisimani, ndoo kwenye mstari tangu alfajiri.
Niliona haya kuomba.
Nikakaa, boneti wazi, kama mfiwa.
Mmoja, mtoto mgongoni, akaja na kata yake:
"Mnyweshe na huyo, naye anahema."
Sikumuuliza jina.
Siku hizi natembea na madumu mawili,
moja la rejeta,
moja la deni.

Wanangu wanasema niuze, nichukue mkopo,
Dodoma sasa ni mji wa magari ya vioo vyeusi.
Nayaona. Hunipita pale Mtumba
yakinimwagia vumbi lililolipiwa ushuru.

Juzi nilimpa lifti binti mmoja wa chuo,
aliyewahi kusoma Japani.
Sauti ikatoka, nikaitikia.
Alicheka hadi akashika dashibodi.
"Mama, hakusalimii. Anasema kadi haijaingizwa."
"Kadi gani?"
"Ya kulipia barabara. Za kwao."

Sikusema kitu mpaka tunafika Veyula.
Miaka kumi na mmoja mtu ananidai,
nami namwitikia kama mjukuu.

Mbijili alitaka kukata waya, eti unamaliza betri.
Nikamwambia hapo usiguse.

Leo baridi ya Julai, upepo umejaa mchanga.
Ufunguo mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, kimya.
Ya tatu akasema lake.
Mkono ukaenda wenyewe kwenye mkoba,
nikamwonyesha kadi niliyo nayo,
ya chama cha wakulima wa zabibu, kona zimekunjika.

Akanyamaza.
Injini ikakohoa, kisha ikakubali.